Bahasha ya Radhika: Siku Sita, Nakuru Hadi Busia na Kurudi

Naandika haya nikiwa nyumbani Nakuru, wiki mbili tangu nirudi. Ninalo daftari lililonyeshewa upande mmoja na picha nyingi za simu, nusu yake za sahani za chakula. Pale wino ulipofutika nimekumbuka kwa kuangalia picha.

Safari ilianza na simu kutoka Kisumu. Kikundi cha akina mama wanaowasaidia wanawake waliopigwa au kubakwa kiliniomba niende wakati wa Siku 16 za kupinga ukatili, niwasimulie kwa Kiswahili kazi ya mtaalamu mmoja wa haki za binadamu, yeyote nitakayemchagua. Mimi ni mkalimani wa mahakamani. Nimebeba maneno ya watu wengine miaka ishirini na ushee. Walitarajia nichague Mkenya. Nilimchagua Radhika Coomaraswamy, mwanasheria wa Sri Lanka, mtu wa kwanza kuwa Mtaalamu Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake. Sababu nitaisema njiani.

Siku ya kwanza, Jumapili 24 Novemba 2024: Nakuru – Kisumu

Jumamosi jioni nilitoa nakala za kurasa 64 kwenye saiberi, shilingi 5 kila ukurasa, jumla 320. Zilikuwa vipande vya ripoti zake, hasa za 1996. Nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikaandika jina langu na namba ya simu juu yake. Ni mazoea ya mahakamani: karatasi isiyo na mwenyewe hupotea.

Saa mbili asubuhi nilikuwa steji. Nauli 800. Makanga aliapa kwamba amebakisha mmoja tu, na huyo mmoja alichukua saa moja na dakika ishirini kupatikana. Gari lilipokaribia kujaa kweli, vijana wawili walioketi nyuma yangu walishuka, wakaenda kukaa kwenye matatu iliyofuata. Kwa msafiri mgeni: ukimwona abiria hana hata mfuko wa nailoni, huyo hasafiri, ameajiriwa kujaza viti.

Tulipita Salgaa, tukachepuka kushoto pale Mau Summit. Tulipofika Londiani Junction gari zima lilinyamaza. Juni 2023 lori liliwavamia watu waliokuwa sokoni na steji hapo, likaua zaidi ya hamsini. Mama aliyekaa kando yangu alijifanyia ishara ya msalaba, akaendelea kumenya njugu.

Katika kimya hicho nilikumbuka Januari 2008. Nilikuwa nimejitolea kutafsiri katika uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru, walikokusanyika watu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi. Tulipewa fomu ya kuorodhesha hasara. Ilikuwa na safu ya nyumba, safu ya mifugo, safu ya nafaka, safu ya jamaa waliofariki. Mwanamke mmoja alinieleza habari za magunia yake ya mahindi, idadi kamili, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kilichompata yeye mwenyewe ghalani. Niliitazama ile fomu juu mpaka chini. Hapakuwa na pa kuandika. Niligeuza karatasi nikaandika upande wa nyuma, ambako sijui kama kuna aliyewahi kusoma. Miaka kadhaa baadaye nilipokutana na ripoti za Radhika kazini, niliona mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kulazimisha safu hiyo iwepo. Ndiyo sababu.

Kericho tulisimama dakika kumi na tano. Chai ya maziwa 40, maandazi mawili 30. Mvua ya Kericho haibishi hodi. Beba sweta hata kama Nakuru umeacha jua. Kutoka hapo nililala hadi Ahero, nikazinduka kwa joto na mashamba ya mpunga.

Kisumu saa tisa alasiri. Boda hadi kwa mwenyeji wangu Manyatta, shilingi 100. Yeye ni mkalimani mwenzangu, amestaafu, na kwake hakuna mgeni anayeulizwa kama amekula. Nilikuwa nimekwisha kunawa mikono nilipogundua kuwa bahasha haipo.

Nilimwaga begi lote sakafuni. Nikaenda steji na kurudi, shilingi 200 za boda zikaenda bure. Gari letu halikuwepo. Saa mbili usiku simu ikalia.

"Mathe, ni ile gari ya Nakuru. Ulisahau karatasi zako kwa kiti."

Nilimshukuru mpaka akachoka. Akasema analala Kisumu, nimkute steji saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kisha akanyamaza kidogo.

"Nimesoma, nisamehe. Hapa kuna mahali wameandika polisi awahoji watu kwa vyumba tofauti. Hiyo ni sheria ama ni maoni ya huyo mama?"

Nikamwambia nitamjibu tukionana.

Siku ya pili, Jumatatu 25 Novemba: Kisumu

Nilimkuta yule makanga akipiga gari maji kwa kopo la rangi. Kijana wa miaka ishirini na kitu hivi, bahasha ameiweka ndani ya fulana isilowe. Alikataa mia mbili, akakubali chai.

Dada yake, aliyemfuata kwa kuzaliwa, alivunjwa taya na mume Septemba. Alifika kituoni (sitakitaja, wala mahali) akaketishwa benchi moja na yule mume. Afisa akasimama mbele yao akauliza, "Sasa nyinyi wawili mmekosana nini?" Dada akatazama sakafu, akasema aliteleza bafuni. Wakaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, warudi wakaongee.

"Benchi moja, mathe. Goti kwa goti."

Nilitoa ile karatasi, tukaisoma pamoja juu ya meza yenye ukungu wa chai. Mwaka 1996 Radhika aliandika mfano wa sheria ya ukatili wa nyumbani, kielelezo ambacho nchi zingeweza kufuata zikitunga zao. Humo hakuna maneno makubwa. Mna mambo kama haya: polisi aitikie kila ombi la msaada, asilichukulie kuwa dogo kwa sababu mshtakiwa ni wa familia, awahoji wahusika na mashahidi, hata watoto, katika vyumba tofauti ili kila mmoja aseme bila woga, aandike malalamiko kwa kina, amweleze mwanamke haki zake, ampangie usafiri hadi hospitali. Nikamwambia: hayo yalikuwa mapendekezo. Sisi Kenya tulipata sheria yetu ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2015, nayo inamtaka afisa amweleze mlalamishi msaada uliopo na hatua anazoweza kuchukua, na akitaka, taarifa yake ichukuliwe na afisa wa jinsia yake.

"Kwa hivyo angeweza kuomba mwanamke?"

"Angeweza."

"Hatukujua."

Dereva akapiga honi. Kijana akakimbia, akarudi, akapiga picha ule ukurasa kwa simu, akakimbia tena.

Mkutano ulikuwa saa nne katika ukumbi wa kanisa Manyatta. Walitarajiwa arobaini, walikuja sabini na zaidi, wengine na watoto mgongoni, na viti vikaazimwa kwa fundi wa maturubai. Tarehe 25 Novemba yenyewe ina habari yake: siku hiyo mwaka 1960, dada watatu wa ukoo wa Mirabal waliuawa huko Jamhuri ya Dominika kwa kumpinga dikteta Trujillo, na ndiyo inayofungua zile siku 16 zinazoishia Siku ya Haki za Binadamu, 10 Desemba. Nilianzia hapo, kisha nikaingia kwa Radhika.

Alizaliwa 1953, akasomea sheria Marekani, akarudi Colombo kuongoza kituo cha utafiti wa mambo ya makabila na jamii. Enzi hizo haki za binadamu zilitazama kile ambacho serikali inamtendea mtu: askari, jela, mateso. Ngumi ya mume ilikuwa nje ya hesabu. Juni 1993 wanawake walikwenda Vienna kwenye mkutano wa dunia wa haki za binadamu wakagoma kuachwa nje. Desemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukatoa Azimio la Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake, na ndani yake kuna sentensi moja ambayo niliwaomba wanaojua kuandika waiandike: serikali ina wajibu wa kuzuia, kuchunguza na kuadhibu ukatili dhidi ya wanawake, awe aliyeutenda ni serikali au mtu binafsi. Tarehe 4 Machi 1994 ikaundwa nafasi ya mtaalamu wa kufuatilia jambo hilo, naye akapewa. Akaishikilia hadi 2003.

"Alikuwa analipwa pesa ngapi?" Swali la kwanza, kutoka safu ya nyuma.

Nikawaambia wataalamu hao hawana mshahara. Hugharimiwa safari tu.

"Aa, basi ni kama sisi!" Ukumbi ukacheka mpaka mtoto mmoja akaamka akalia.

Nilichokaa nacho zaidi ni safari yake ya Julai 1995. Alikwenda Seoul na Tokyo kuhusu wanawake wa Korea waliofungiwa na jeshi la Japani wakati wa Vita Vikuu vya Pili ili wanajeshi wawatumie. Alipangiwa kufika Pyongyang pia, matatizo ya ndege yakamkwamisha, ikabidi wafanyakazi wa Kituo cha Haki za Binadamu cha Umoja wa Mataifa wamwakilishe. (Hata mtaalamu wa dunia huachwa na gari, nilifarijika.) Aliowasikiliza walikuwa vikongwe. Wa kwanza wao Korea Kusini kujitokeza hadharani, Kim Hak-sun, alisema mwaka 1991, takriban nusu karne baadaye. Ripoti iliyotoka 1996 ikaita jambo hilo kwa jina lake, utumwa wa kingono wa kijeshi, ikaitaka Japani ikubali wajibu wa kisheria, ilipe fidia na iombe radhi.

Mama mmoja wa makamo, kitambaa cha kijani kichwani, akainua mkono kisha akaushusha. Nikamwambia sema, mama.

"Miaka hamsini," akasema. "Na mimi nina kumi na sita tu."

Alikaa. Sikutafsiri, hakuna aliyehitaji. Aliyeketi naye alimshika mkono na mkutano ukasimama hapo, sijui dakika ngapi, mpaka mwenye kikundi akaanzisha wimbo taratibu.

Baadaye nikamweleza pembeni, yeye na wengine watatu waliosogea, habari za uamuzi wa Mahakama Kuu wa 10 Desemba 2020. Manusura wanane wa ukatili wa kingono wa baada ya uchaguzi wa 2007 walikuwa wameishtaki serikali mwaka 2013, wakisaidiwa na mashirika. Wanne walishinda, kila mmoja akapewa fidia ya shilingi milioni 4, kwa kuwa serikali ilishindwa kuchunguza yaliyowapata. Wanne wengine hawakupata. Niliwaambia yote mawili. Sipendi kubeba nusu ya habari.

Chakula cha mchana: ugali, omena wa kukaangwa na nyanya, osuga (mnavu) yenye maziwa. Hesabu ya kikundi ilitoka shilingi 150 kwa sahani.

Neno kwa atakayehitaji, kabla sijaendelea. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120, na mapema ndiyo bora. Asioge. Nguo zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi au gazeti, nailoni huziozesha. Aende hospitali kwanza ikibidi, polisi baadaye, na aondoke kituoni na namba ya OB, yaani daftari la matukio la polisi. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha, haiuzwi. Simu ya bure ni 1195, ya watoto 116.

Siku ya tatu, Jumanne 26 Novemba: Dunga

Siku ya kupumzika, au ndivyo nilivyodhani. Tuktuk hadi ufuo wa Dunga 150. Ngege wa kiasi aliyekaangwa na ugali, 500. Ukimtaka mkubwa jiandae kwa 800 au zaidi, na patana kabla hajaingia kwenye mafuta.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa bibi mmoja anayeanika omena kwenye nyavu, zaidi ya miaka sabini, ambaye kila mtu anamwita dani. Alisikia nimekuja na mambo ya wanawake, akaniketisha juu ya debe. Mumewe alipokufa miaka ya themanini, shemeji walitaka arithiwe, yaani tero. Akakataa. Wakalima shamba mpaka mlangoni pake, jembe likigonga kizingiti alfajiri. Wakamwambia chira, laana ya mvunja mwiko, itamla.

"Chira haikunila," alisema huku akifukuza kunguru. "Samaki ndio walinilisha."

Alikumbuka kusikiliza redioni mwaka 1987, kesi ya Wambui Otieno na ukoo wa Umira Kager juu ya kumzika mumewe, S.M. Otieno. Mjane alishindwa, na marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. "Tulijua hata mwanamke wa Nairobi mwenye wakili hana neno," dani alisema. "Sembuse mimi." Nilimwambia kwamba Radhika, karibu na mwisho wa kazi yake, mwaka 2002, alitoa ripoti nzima kuhusu mila za ndani ya familia zinazowaumiza wanawake, na kwamba Katiba yetu ya 2010 imesema sheria ya mila inayopingana nayo ni batili. Akaniuliza kama hiyo Katiba inajua shamba lake liko wapi. Ni swali zuri. Sikuwa na jibu la haraka. Mwishowe alinipa omena wa kujaza kopo la kilo, akakataa pesa. *Erokamano*, asante, dani. Tulimla mpaka juzi.

Siku ya nne, Jumatano 27 Novemba: Kisumu – Kakamega

Nauli 250, saa moja na nusu kupitia Kiboswa na Chavakali. Jiwe linalolia pale Ilesi nililiona kwa dirisha, na siku hiyo lilikuwa linalia kweli kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wanabodaboda, chini ya kibanda cha mabati cha steji yao. Mvua ilirudi ikapiga bati hivi kwamba kwa dakika arobaini tulitazamana tu tukila mahindi ya kuchoma. Ilipopungua nilisoma tena ule ukurasa wa 1996, nikafika penye usafiri wa hospitali. Mzee wa steji akanikatiza kwa heshima.

"Mulembe, mama. Hiyo karatasi inasema polisi ndio wapange usafiri?"

"Ndivyo."

"Hapa usafiri ni sisi. Saa nane usiku unapigiwa simu na jirani. Unambeba, damu inaingia kwa kiti. Hana pesa. Ukifika unaambiwa wewe ni shahidi, uandike taarifa, siku inapotea. Huyo mama wa Sri Lanka alifikiria mafuta?"

Kila mmoja alikuwa na kisa chake na wengi walikuwa wamebeba bure. Walikuwa wamekubaliana kati yao: anayembeba mwanamke aliyeumizwa usiku hulipwa mia mbili kutoka kwenye mfuko wao wa kukopeshana. Hakuna aliyewafundisha. Niliandika jambo hilo kwenye daftari kwa herufi kubwa, nalo liko upande ambao haukunyeshewa.

Jioni, *ingokho* (kuku) na ugali wa wimbi, 600, pamoja na mrenda. Gesti 1,200, maji ya moto ni ya ndoo, agiza mapema.

Siku ya tano, Alhamisi 28 Novemba: Busia

Kakamega hadi Busia kupitia Mumias ilinigharimu 400 na saa tatu, moja ikiwa nyuma ya trekta za miwa.

Busia nilikwenda kwa hiari yangu, hakuna aliyenialika. Juni 2013, katika kijiji cha kaunti hii, msichana wa miaka 16 aliyekuwa akirudi kutoka matangani alivamiwa na kundi la wanaume, akabakwa, akatupwa kwenye shimo la choo. Magazeti yalimwita Liz, si jina lake. Baadhi ya washukiwa walipokamatwa, adhabu waliyopewa kituoni ilikuwa kufyeka nyasi, kisha wakaachiliwa. Habari ilipochapishwa Oktoba, zaidi ya watu milioni moja duniani walitia sahihi ombi la kutaka haki, na wanawake wakaandamana Nairobi. Aprili 2015 mahakama ya Busia iliwafunga watatu miaka 15 kila mmoja.

Nilitaka tu kuliona jengo ambamo hukumu hiyo ilisomwa. Nilikaa nje ya uzio, kibandani, na chai ya 30. Ng'ambo ya barabara mfanyakazi alikuwa anafyeka nyasi. Slasha ilikwenda *shwaa*, ikarudi *shwaa*, na majani mabichi yakarukia suruali yake. Nilimtazama akimaliza kipande cha ukubwa wa chumba, akijifuta jasho, akianza kingine. Ilimchukua kama dakika ishirini. Nikalipa chai nikaondoka.

Ile sentensi ya 1993, ya kuzuia, kuchunguza na kuadhibu, inaonekana kavu ukiisoma Nakuru. Ukiwa Busia unaelewa kwa nini mtu atumie miaka tisa akiirudia nchi baada ya nchi: Afrika Kusini 1996, Rwanda 1997, Sierra Leone 2001. Na baada ya hapo hakupumzika. Aliongoza tume ya haki za binadamu ya nchi yake, kisha 2006 hadi 2012 akashughulikia watoto walio vitani kwa niaba ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Januari 2010 akatoa ushahidi wa kitaalamu The Hague katika kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Kongo aliyeshtakiwa kwa kuwatumia watoto vitani. Kiti chake cha kwanza kilirithiwa na Yakin Ertürk wa Uturuki, na wengine wamefuata.

Kwa msafiri: mpakani utafuatwa na wabadilishaji pesa kabla hujashuka. Kama huvuki, sema huvuki, mara moja, na utembee. Chapati yenye mayai kutoka upande wa Uganda, 80, inatosha watu wawili.

Siku ya sita, Ijumaa 29 Novemba: Busia – Nakuru

Nilirudi kwa njia ya juu, Malaba, Bungoma, Webuye, Eldoret, 1,400 kwa magari mawili. Mchana Eldoret, abiria wawili mbele yangu walikuwa wakizungumza juu ya Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyetoka tu Olimpiki ya Paris, akamwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyewahi kuishi naye, huko Endebess, akafa Eldoret 5 Septemba. Ugomvi ulikuwa wa kipande cha ardhi. Mmoja alitaja pia Agnes Tirop, mkimbiaji mwingine, aliyeuawa Iten Oktoba 2021. "Hawa walikuwa na medali," akasema. "Wa kwetu hata hawahesabiwi." Mwenzake akasema wamehesabiwa mwaka huu, polisi walitaja wanawake 97 waliouawa kati ya Agosti na Oktoba. Kisha wakahamia bei ya mbolea.

Timboroa tairi lilipasuka. Dereva hakuwa na jeki. Baridi ya pale inapenya mfupani, na omena wangu walianza kujitangaza garini. Mama mwenye kibanda cha viazi alitukaribisha abiria wanane kuzunguka jiko lake, akatuuzia viazi vya kuchemsha 50 kwa sahani na hakutoza moto. Saa moja na robo. Nilifika Nakuru saa mbili usiku.

Jumla ya nauli, malazi na chakula: shilingi 7,850, bila kuhesabu alichonilisha mwenyeji wangu.

Jumatano iliyofuata makanga alinipigia. Dada yake amekubali kurudi kituoni, safari hii na shangazi yao, na ataomba afisa mwanamke. Alitaka kujua kama naweza kumtumia ule ukurasa wa vyumba tofauti, kwa sababu picha aliyopiga ina kivuli cha kikombe, pamoja na sheria ya 2015 na fomu ya P3 tupu waione inavyokaa kabla hawajaenda. Nilitoa nakala, nikazitia kwenye ileile bahasha ya kaki, nikafuta namba yangu nikaandika ya kwake. Kwenye ofisi ya vifurushi ya sako karani aliipima kwa mkono, akauliza ndani kuna nini, na kabla sijajibu akaandika kwenye risiti: *karatasi tu*. Shilingi 150.